Upasuaji wa Roboti kwa Saratani za Uzazi: Faida Hutegemea Aina ya Saratani

Taarifa kuhusu upasuaji unaosaidiwa na roboti, ambazo kwa miaka mingi zilitoka Marekani, Ulaya na Asia, sasa zinasikika pia kutoka barani Afrika. Kufikia mwaka 2022, hospitali za umma za Groote Schuur na Tygerberg katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, zilikuwa zimeanza kuitumia teknolojia hiyo. Mwaka 2023, kituo cha IRCAD Afrika kilizinduliwa mjini Kigali, Rwanda, kwa lengo la kuwafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo. Kwa mwananchi anayefuatilia taarifa hizi, maswali ya msingi ni matatu: mashine hii inamsaidia nani, katika ugonjwa gani, na kwa gharama gani?

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika saratani za viungo vya uzazi vya mwanamke. Saratani hizi huzungumzwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja, ilhali saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi, saratani ya mlango wa kizazi na saratani ya ovari hutofautiana kwa chanzo, kwa namna zinavyosambaa na kwa matibabu. Tafiti za miaka ishirini iliyopita zimeonyesha kuwa upasuaji wa matundu madogo, ambao roboti ni sehemu yake, ni msaada mkubwa katika saratani mojawapo, huku katika nyingine ukiweza kupunguza uwezekano wa mgonjwa kupona. Kutofahamu tofauti hiyo kunaweza kugharimu maisha.

Mashine inavyofanya kazi

Roboti haimpasui mgonjwa kwa uamuzi wake yenyewe. Daktari bingwa huketi kwenye kiti cha uendeshaji, kwa kawaida ndani ya chumba hicho hicho cha upasuaji, akitazama picha yenye kina iliyokuzwa mara kadhaa. Kwa vidole na miguu yake huongoza mikono ya mashine iliyosimamishwa juu ya mgonjwa. Vifaa vyembamba hupitishwa tumboni kwenye matundu ambayo upana wake kwa kawaida hauzidi sentimita moja kwa sana, na tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Ncha za vifaa hivyo hujipinda kama kifundo cha mkono wa mwanadamu, na mashine huondoa mtetemo wa mkono wa daktari.

Mfumo unaotumika zaidi duniani ni da Vinci, unaotengenezwa na kampuni ya Intuitive Surgical ya Marekani. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliuidhinisha kwa upasuaji wa jumla mwaka 2000, na mwaka 2005 ikaidhinisha utumike katika upasuaji wa magonjwa ya wanawake. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na upasuaji wa matundu madogo usiotumia roboti, ambapo daktari hushika vifaa kwa mikono yake mwenyewe huku akitazama runinga. Roboti ilikuja kurahisisha njia hiyo, ambayo ni ngumu kujifunza na humchosha daktari katika upasuaji wa saa nyingi.

Kwa mgonjwa, manufaa ya matundu madogo yanaeleweka kwa urahisi. Damu inayopotea ni kidogo, maumivu hupungua, kidonda hakipati maambukizi kwa urahisi na siku za kulazwa huwa chache. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani ana hitaji jingine kubwa zaidi, nalo ni kwamba ugonjwa usirudi. Njia yoyote mpya hupimwa kwanza kwa kigezo hicho.

Saratani ya ukuta wa kizazi: faida iliyothibitishwa

Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na dalili yake kuu ni kutokwa damu ukeni baada ya ukomo huo. Kwa kuwa dalili hiyo hujitokeza mapema, wagonjwa wengi hugundulika ugonjwa ukiwa bado ndani ya kizazi. Tiba yake ya msingi ni kuondoa kizazi pamoja na mirija na ovari, na kuchunguza tezi za limfu za nyonga.

Utafiti uliofungua njia ni ule unaojulikana kama LAP2, uliofanyika Marekani kwa wanawake 2,616. Baadhi walifanyiwa upasuaji wa matundu madogo na wengine upasuaji wa wazi, kwa mgawanyo wa bahati nasibu. Miaka mitano baadaye, asilimia 89.8 ya wanawake katika kila kundi walikadiriwa kuwa hai. Madhara ya wastani na makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 14 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo, ikilinganishwa na asilimia 21 ya waliopasuliwa kwa njia ya wazi. Utafiti mwingine, LACE, uliohusisha wanawake 760 nchini Australia, New Zealand na Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2017, nao haukuona tofauti ya maana kati ya njia hizo mbili katika kurudi kwa ugonjwa.

LAP2 hata hivyo ulionyesha upungufu mmoja: takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne walioanza kwa matundu madogo ilibidi afunguliwe tumbo katikati ya kazi, na uwezekano huo uliongezeka kadiri uzito wa mwili ulivyokuwa mkubwa. Hapa ndipo nafasi ya roboti ilipodhihirika. Katika utafiti uliofanyika Tampere, Finland, na kuchapishwa mwaka 2016, wanawake 101 waligawanywa kati ya roboti na matundu madogo ya kawaida. Katika kundi la roboti hakuna aliyelazimika kufunguliwa tumbo, wakati katika kundi la pili walikuwa watano.

Jambo hilo si dogo, kwa sababu unene uliokithiri ni miongoni mwa vichocheo vikuu vya saratani hii. Mwanamke mwenye uzito mkubwa, mara nyingi akiwa pia na kisukari au shinikizo la damu, ndiye anayeteseka zaidi na kidonda kirefu cha tumbo: hupata maambukizi, huchelewa kupona na huwa katika hatari ya damu kuganda miguuni. Kumwepusha na mpasuko mkubwa ni sehemu ya kuokoa maisha yake.

Faida nyingine ipo katika uchunguzi wa tezi za limfu. Daktari huchoma rangi maalumu kwenye mlango wa kizazi, na kamera ya roboti huonyesha tezi za kwanza ambazo rangi hiyo inafikia. Utafiti wa FIRES wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa ambao tezi hizo zilipatikana, njia hiyo iligundua kusambaa kwa saratani kwa usahihi wa asilimia 97.2. Kwa njia hiyo, mwanamke anaweza kuepushwa na kuondolewa tezi zote za nyonga, jambo linaloweza kusababisha uvimbe wa kudumu wa miguu.

Mlango wa kizazi: funzo la mwaka 2018

Mafanikio hayo yaliwafanya madaktari wengi waamini kuwa matokeo yangekuwa hayo hayo katika saratani ya mlango wa kizazi iliyo katika hatua za awali. Upasuaji wa matundu madogo, kwa roboti na bila roboti, ulienea katika hospitali nyingi za nchi tajiri kabla ya kulinganishwa na upasuaji wa wazi katika utafiti mkubwa wa mgawanyo wa bahati nasibu.

Utafiti huo, unaoitwa LACC, uliongozwa na Dkt. Pedro Ramirez, wakati huo akiwa katika Kituo cha Saratani cha MD Anderson, Houston. Ulihusisha wanawake 631 katika vituo 33 vya nchi mbalimbali, na ulisimamishwa kabla ya kukamilisha idadi iliyopangwa baada ya kamati ya usalama kuona dalili za hatari. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The New England Journal of Medicine, yaliwashtua wataalamu. Saratani ilirudi kwa wanawake 27 kati ya 319 waliopangiwa matundu madogo, na kwa 7 tu kati ya 312 waliopangiwa upasuaji wa wazi. Vifo vilikuwa 19 katika kundi la kwanza na 3 katika kundi la pili.

Toleo hilo hilo la jarida lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 2,461 wa Marekani waliotibiwa kati ya mwaka 2010 na 2013. Katika miaka minne baada ya upasuaji, vifo vilikadiriwa kuwa asilimia 9.1 kwa waliofanyiwa matundu madogo, wengi wao kwa roboti, na asilimia 5.3 kwa waliofanyiwa upasuaji wa wazi. Uchambuzi wa mwisho wa LACC, uliotolewa mwaka 2024, ulithibitisha mwelekeo ule ule.

Sababu za tofauti hiyo bado zinajadiliwa. Wataalamu wengi wananyooshea kidole kifaa kinachoingizwa ukeni ili kusogeza kizazi wakati wa upasuaji, ambacho hupita palipo na uvimbe wenyewe na kinaweza kutawanya chembe za saratani. Wengine wanataja gesi inayozunguka tumboni, pamoja na uke kukatwa wakati uvimbe ukiwa wazi ndani ya tumbo. Katika saratani ya ukuta wa kizazi, uvimbe mara nyingi hubaki umefungiwa ndani ya kizazi. Katika saratani ya mlango wa kizazi, uvimbe uko nje, penye kuguswa. Tofauti hiyo ya mahali inasaidia kueleza kwa nini chombo kile kile huleta matokeo mawili tofauti.

Februari 2019, FDA ilitoa tahadhari kwa wagonjwa na madaktari kwamba usalama na ufanisi wa vifaa vya roboti katika kuzuia au kutibu saratani haukuwa umethibitishwa. Miongozo ya kimataifa ilirekebishwa, na upasuaji wa wazi ukarudishwa kuwa njia ya kawaida pale mlango wa kizazi unapoondolewa pamoja na tishu zinazouzunguka. Mjadala haujafungwa: tafiti nyingine, ukiwamo RACC ulioanzia Sweden, zilipangwa ili kujua kama roboti ikitumiwa kwa tahadhari zaidi inaweza kuwa salama. Wakati huohuo, utafiti wa SHAPE wa mwaka 2024, uliohusisha wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita mbili na hatari ndogo, ulionyesha kuwa kwao kuondoa kizazi kwa njia rahisi zaidi kulitosha. Kwa kundi hilo, mabadiliko makubwa yalikuwa kupunguza ukubwa wa upasuaji wenyewe.

Ovari: mpasuko mrefu bado una kazi yake

Saratani ya ovari ina sura nyingine. Wagonjwa wengi hugundulika ikiwa tayari imetawanyika kwenye utando wa tumbo, juu ya utumbo na chini ya kiwambo cha moyo. Lengo la daktari ni kuondoa kila uvimbe unaoonekana, kwani mabaki hupunguza uwezekano wa kuishi muda mrefu. Kazi hiyo humtaka aone na kupapasa tumbo lote, ndiyo maana mpasuko mrefu wa wazi unabaki kuwa njia ya kawaida. Matundu madogo hutumika kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, na nafasi yake baada ya dawa za saratani kuupunguza ugonjwa inaendelea kufanyiwa utafiti.

Hali halisi ya Afrika Mashariki

Ushahidi huu unapowekwa mbele ya hali ya Tanzania na majirani zake, picha inabadilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani walipata saratani ya mlango wa kizazi na takriban 350,000 walifariki, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Tanzania, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya kuwa zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Saratani inayowasumbua zaidi wanawake wa ukanda huu, kwa maneno mengine, ndiyo ile ambayo ushahidi wa roboti umetoa onyo.

Aidha, wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati ugonjwa umekwisha kuvuka mlango wa kizazi. Katika hatua hiyo upasuaji wa aina yoyote, wa wazi au wa roboti, kwa kawaida si tiba ya kuponya. Kinachotakiwa ni mionzi ya nje, mionzi ya ndani inayowekwa karibu na uvimbe, na dawa za saratani zinazotolewa sambamba na mionzi. Huduma hizo nchini Tanzania hutolewa na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza nayo hutoa tiba ya mionzi. Kwa mwanamke wa kijijini, nauli, malazi ya wiki kadhaa na kuacha familia nyuma ni vikwazo ambavyo hakuna mashine ya upasuaji inayoviondoa.

Habari njema ni kwamba saratani hii inazuilika. Husababishwa na virusi vya HPV, na chanjo yake ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa wanawake wazima, uchunguzi hugundua mabadiliko ya chembe kabla hayajawa saratani, na mabadiliko hayo hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kuchoma eneo dogo, bila kulazwa.

Mkakati wa dunia uliozinduliwa na Shirika la Afya Duniani Novemba 2020 umeweka malengo ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kufikisha miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na umri wa miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo wapate matibabu. Wanawake wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, ambao hatari yao ni takriban mara sita ya wengine, wanashauriwa kuanza kupima mapema zaidi, kuanzia miaka 25.

Gharama, mafunzo na vipaumbele

Hayo hayamaanishi kuwa roboti haina nafasi katika ukanda huu. Maisha ya mijini, ongezeko la unene na wanawake kuishi miaka mingi zaidi vinatarajiwa kuongeza saratani ya ukuta wa kizazi, ambayo ndiyo roboti huitumikia vizuri. Lakini bei ya mfumo mmoja huhesabiwa kwa mamilioni ya dola za Marekani, na gharama haiishii kwenye ununuzi. Vifaa vinavyoshikwa na mikono ya mashine huruhusiwa kutumika kwa idadi maalumu ya upasuaji kisha hubadilishwa, na matengenezo hulipiwa kila mwaka. Mashine inayotumika mara chache humfanya kila mgonjwa awe ghali, na daktari anayeitumia mara chache hapati umahiri unaohitajika.

Ndiyo maana nchi nyingi huanza kwa kujenga uwezo wa matundu madogo ya kawaida, ambao vifaa vyake ni nafuu zaidi na ambao katika saratani ya ukuta wa kizazi umetoa matokeo ya uponaji yanayolingana na upasuaji wa wazi. Madaktari, wauguzi wa chumba cha upasuaji, wataalamu wa usingizi na mafundi wa vifaa tiba wakishazoea njia hiyo, kuhamia kwenye roboti huwa hatua ya kawaida. Nchi isiyo na wataalamu wa kutosha wa kuchunguza vinyama kwa hadubini, wala mionzi ya kuwatosha wagonjwa, haitapata thamani kamili ya mashine hiyo hata ikipewa bure.

Swali la nani atalipa nalo halikwepeki. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mfuko wowote wa aina hiyo hulazimika kuamua ni huduma zipi zilipiwe kwanza. Kwa saratani za uzazi, ushahidi uliopo unaelekeza fedha kwanza kwenye chanjo, uchunguzi, maabara, mionzi na upasuaji wa wazi uliofanywa kwa ustadi, kisha kwenye teknolojia inayofuata pale wagonjwa wanaofaidika nayo wanapojulikana kwa idadi.

Mgonjwa aulize nini?

Mwanamke anayeelezwa kuwa anahitaji upasuaji wa saratani, ndani au nje ya nchi, ana haki ya kupewa maelezo anayoyaelewa. Aulize saratani yake ni ya kiungo gani na iko hatua ya ngapi. Aulize kama kwa hatua hiyo upasuaji ndiyo tiba bora, au ni mionzi. Akipendekezewa roboti au matundu madogo, aulize ushahidi wa aina yake ya saratani unasema nini kuhusu ugonjwa kurudi, na timu hiyo imekwisha kufanya upasuaji kama huo mara ngapi. Familia zinazochanga fedha kumpeleka ndugu yao nje ya nchi zinahitaji majibu hayo kabla ya kukata tiketi, kwa sababu kidonda kidogo pekee si uthibitisho wa tiba bora.

Kwa walio wengi, hata hivyo, hatua yenye manufaa zaidi inapatikana karibu na nyumbani. Msichana wa miaka 9 hadi 14 apelekwe kupata chanjo. Mwanamke aliyefikisha miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na Virusi vya UKIMWI, afike kituo cha afya kupima mlango wa kizazi hata kama hana dalili yoyote. Na anayetokwa damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, asisubiri mwezi upite ndipo amwone mtoa huduma, kwa kuwa saratani hizi zikigundulika mapema uwezekano wa kupona huwa mkubwa zaidi.